Waya Ikiwa Moto: Historia ya Sheria ya Umeme, na Kosa Langu Pwani ya Baraka



Wiki iliyopita mdogo wetu mmoja wa graduat aliniuliza: "Grand, ni kweli umeacha agronomia, umekuwa fundi wa courant?" Nilicheka. Lakini usiku swali lake lilikataa kuniacha. Sijaacha agronomia. Ni mashamba yameniacha. Wenye kujua Bibokoboko wanajua kule juu milimani kulivyokuwa: malisho, maziwa, mahindi, viazi. Mwezi wa kumi 2021 vijiji vya kule viliungua, watu wakateremka na watoto na vile walivyoweza kubeba. Agronome bila shamba atafanya nini? Nilizunguka na dosiye yangu ofisi kwa ofisi, karibu miaka miwili. Mwisho nikaingia atelie moja ndogo karibu na soko, anayotengeneza kijana ambaye nimemzidi miaka miwili. Yeye hakumaliza sekondari. Mimi nina licence. Yeye njo patron, mimi njo mwanafunzi.

Leo sitaki kuwasimulia taabu zangu, kila mmoja hapa ana zake. Nataka kuandika historia. Ni historia ya sheria ndogo ambayo wote tuliikariri shuleni kwa Kifaransa, tukapata alama, tukaisahau. Mimi niliielewa siku iliponigharimu pesa.

1. Usiku wa ampule sita

Mnajua wavuvi wetu wa ndagala. Wanafunga mitumbwi miwili kwa miti, wanaenda katikati ya ziwa usiku, wanawasha taa juu ya maji, ndagala wanakuja kwa mwanga, wavu unapandishwa. Mwezi ukiwa mkubwa hawaendi, kwa sababu samaki hawaoni haja ya taa. Kwa hiyo siku za giza ni siku za pesa. Zamani ilikuwa taa za petroli za kupampu. Leo ni batri.

Mvuvi mmoja alileta batri ya volti 12 na ampule sita za gari, zile za zamani zenye uzi ndani, kila moja wati 20. LED alisema atanunua akipata. Patron alikuwa na kazi nyingine, akaniambia: "Injenia, enda ufunge ile, ni kazi ya watoto."

Nilifunga ampule moja baada ya nyingine kwa mstari, kama shanga kwenye uzi. Kuwasha: wekundu hafifu kama jivu la jioni. Vijana wa mtumbwi wakaanza kucheka. Jua linashuka. Nikakumbuka somo, nikafungua zote, nikafunga upya kila ampule na njia yake hadi kwenye batri, upande kwa upande. Ikawaka! Watu wakapiga makofi. Mimi nikarudi nyumbani nikijisikia mkubwa.

Saa nane za usiku mtumbwi ulirudi mtupu. Waya niliyotumia ilikuwa nyembamba, ile niliyoikuta kwenye kikapu, na nilikuwa nimeiunga katikati kwa kusokota na kukaza plastiki. Kwenye kiungo plastiki ilikuwa imeyeyuka, nyeusi, na kijana mmoja alikuwa ameungua kiganja. Taa zilikuwa zimefifia tangu mwanzo, eti ndagala walikuja kidogo wakaondoka. Asubuhi mwenye mtumbwi alisimama mlangoni kwa atelie. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Alisema tu kwamba alikuwa amekopa mafuta ya moteri. Patron alimrudishia mafuta, na mimi nikakatwa kile kidogo cha wiki mbili.

Kisha patron aliniuliza swali moja: "Uligusa waya?" Sikuelewa. Akasema: "Ukishawasha, ngoja kidogo, gusa waya. Waya ikiwa moto, ujue inakula mali ya ampule."

Nilikaa na lile neno siku nzima. Jioni nilichukua kaye nikafanya hesabu. Ampule sita upande kwa upande zinakinza umeme karibu omu 1.2. Ile waya yangu nyembamba, kwenda na kurudi mita kumi na mbili hivi, karibu omu 0.4. Jumla 1.6. Maana yake robo nzima ya nguvu ya batri ilibaki ndani ya waya, na ampule zilipata volti 9 badala ya 12. Na kiungo kilicholegea kinakusanya joto lake mahali padogo kama ukucha. Kwa waya wa milimita mraba 4, nene mara nane kuliko ile yangu, hasara ingekuwa kama asilimia 4 tu. Hesabu ilichukua dakika tano. Nilikuwa nayo kichwani tangu darasa la tano la sekondari. Patron hakuwa nayo, lakini kidole chake kiliijua.

Ndipo nikataka kujua: nani alikuwa wa kwanza kuijua, na kwa kidole au kwa kalamu?

2. Mtu aliyejua asiandike

Mnamo 1800, Alessandro Volta, Mwitalia, alitangaza kifaa chake: sahani za madini mawili tofauti zilizopangwa kwa zamu, katikati kitambaa kilicholowa maji ya chumvi. Ile ndiyo mama wa batri zote, hata hii ya mvuvi wetu. Kwa mara ya kwanza watu walipata umeme unaotembea bila kukoma, tofauti na cheche inayoruka mara moja na kuisha.

Lakini kabla ya Volta, kule London kulikuwa na tajiri mmoja mwenye haya kupita kiasi, Henry Cavendish. Hakuwa na kifaa cha kupimia mkondo, hakikuwepo duniani. Alitumia mwili wake mwenyewe. Alipitisha umeme ndani ya mirija ya maji ya chumvi, akashika, akalinganisha: huu umenipiga sawa na ule, au zaidi? Kwa njia hiyo, mnamo 1781, alifikia karibu kabisa sheria ambayo leo ina jina la mtu mwingine. Akaiandika kwenye karatasi zake, akazifungia. Alikufa 1810. Karatasi zile zilichapishwa 1879, na James Clerk Maxwell, karibu miaka mia moja baadaye.

Nilipolisoma hilo niliwaza patron wangu na kidole chake. Yeye ni Cavendish wa soko la Baraka, kasoro utajiri. Anajua waya gani inafaa mtumbwi gani, anajua batri iliyochoka kwa kuangalia taa inavyoshuka. Hakuna hata mstari mmoja ulioandikwa. Akihama kesho, au kikimpata cha kumpata, yote yanakwenda naye.

3. Mtoto wa fundi wa kufuli

Georg Simon Ohm alizaliwa 1789 kule Erlangen, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa kufuli. Hakusoma shule kubwa, alijisomea mwenyewe, na hesabu zile zile akawafundisha watoto wake nyumbani. Mama alikufa Georg akiwa bado mtoto. Alipoingia chuo kikuu, baada ya muda mfupi baba alimtoa kwa hasira: kijana alikuwa anapoteza siku zake kwa kucheza dansi, biliadi na kuteleza kwenye barafu. (Ninyi wa premier graduat, msijifanye hamsikii.) Baadaye alirudi, akamaliza masomo 1811, na 1817 akapata kazi ya kufundisha sekondari mjini Köln.

Shule ile ilikuwa na vifaa vya fizikia, na mikono ya mtoto wa fundi ilijua kuvitengeneza na kuviongeza. Jaribio lake lilikuwa rahisi kama la atelie: chukua waya za urefu tofauti, pitisha umeme, pima nguvu iliyobaki. Mnamo 1825 alichapisha matokeo yake ya kwanza. Yalikuwa na kosa.

Hapo nilisimama nikasoma mara mbili. Ohm alikosea sheria ya Ohm! Na sababu yake ni ile inayotusumbua hapa kila siku: batri. Zile za wakati wake hazikutulia, zilianza kwa nguvu zikashuka, kwa hiyo hakujua kama waya ndiyo inapunguza au batri ndiyo inachoka. Mwanasayansi mwenzake, Poggendorff, akamshauri aache batri, atumie madini mawili yaliyoungwa, upande mmoja kwenye maji yanayochemka, upande mwingine kwenye barafu. Tofauti ya joto inazaa umeme mdogo sana lakini usioyumba. Mnamo 1826 alirudia jaribio na waya nane za shaba. Safari hii namba zilinyooka: mkondo unafuata msukumo wa chanzo, na unapungua kadiri ukinzani unavyoongezeka. Volti ni sawa na ampea mara omu. Ndiyo yote.

Mnamo 1827 alitoa kitabu chake mjini Berlin. Alikuwa na tumaini kwamba kitampatia nafasi ya chuo kikuu. Kilipokelewa kwa baridi. Wakubwa wa elimu waliona hesabu zake hazina maana. Aliacha kazi yake ya Köln, akaishi miaka kadhaa kwa vibarua vya kufundisha, hadi 1833 alipopata nafasi katika shule ya ufundi ya Nürnberg. Heshima ilikuja kutoka nje: 1841 Royal Society ya London ilimpa medali ya Copley. Uprofesa wa fizikia mjini München aliupata 1852. Alikufa 1854. Mnamo 1881, mkutano wa kimataifa wa umeme mjini Paris ulikubali volti, omu na ampea kuwa vipimo vya dunia nzima.

Wakati wa kitabu chake Ohm alikuwa na miaka 38. Wengi wetu hapa tuna 27 au 28 na tayari tunasema maisha yamekwisha.

4. Sheria ambayo sisi agronome tuliijua tayari

Kuna jambo moja lilinifurahisha sana, na wenzangu wa agronomia watalielewa haraka. Mnakumbuka Darcy kwenye somo la maji ya udongo? Henry Darcy alikuwa mhandisi wa Dijon, Ufaransa. Mnamo 1856 alichapisha majaribio ya kupitisha maji ndani ya mchanga: maji yanayopita yanafuata tofauti ya kimo, yanapungua kadiri mchanga ulivyo mrefu, yanaongezeka kadiri njia ilivyo pana. Weka volti mahali pa kimo, waya mahali pa mchanga, umepata Ohm. Na Ohm mwenyewe aliazima wazo lake kwa Fourier, ambaye mwaka 1822 alikuwa ameeleza hivyo hivyo mwendo wa joto ndani ya chuma.

Yaani miaka yote niliyokaa nikihesabu maji ya kumwagilia, nilikuwa nahesabu umeme bila kujua. Ampule zangu za kwanza, zile zilizofungwa kama shanga, zilikuwa mfereji mmoja unaopita bustani sita: bustani zinagawana kimo kile kile, kila moja inabaki na kidogo. Zile za pili zilikuwa mifereji sita kutoka bwawa moja: kila bustani inapata kimo chote, lakini bwawa linatoa maji mara sita, na mfereji mkuu ukiwa mwembamba, unapasuka. Hilo la kugawana lina mwenyewe pia. Gustav Kirchhoff aliliandika 1845 akiwa bado mwanafunzi mjini Königsberg, na miaka 21: mkondo unaoingia kwenye kiungo ni sawa na unaotoka, na volti za mzunguko mzima zinajumlika hadi zinamalizana. Miaka 21, wapendwa, ni umri wa mtu wa graduat.

5. Na kwetu je?

Mtaniambia: hayo ni ya Wazungu, sisi hatuna hata nguzo. Kweli. Lakini sheria ile ile imeandika pia historia yetu, na tunaishi ndani yake.

Tazameni kusini yetu. Mpakani mwa Fizi na Kalemie kuna maporomoko ya Bendera, kwenye mto Kyimbi. Wabelgiji walijenga pale kituo cha umeme mwishoni mwa miaka ya 1950. Waya zikaelekea kusini, Albertville, ambayo leo ni Kalemie, kwenye viwanda na gare. Fizi iliyo karibu ikabaki na giza. Wazee wetu wanaikumbuka Bendera kwa jambo lingine. Mwezi wa nne 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma hadi Kibamba, kwetu huku Fizi, kusaidia waasi wa Simba. Tarehe 29 mwezi wa sita mwaka ule, Wakuba pamoja na wapiganaji wa Rwanda walishambulia kambi ya jeshi iliyolinda kituo cha Bendera. Walishindwa, Wakuba wanne wakafa, na vitu vilivyookotwa kwenye maiti vikafichua kwamba Kuba iko vitani Kongo. Mwezi wa kumi na moja Che akarudi zake ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo watu walikufa kwenye mlango wa kituo cha umeme, na upande wetu haukupata hata ampule moja.

Tazameni tena mbali zaidi. Inga ya kwanza ilianza 1972, ya pili 1982. Kutoka Inga hadi Kolwezi kukajengwa laini ya kilomita 1,700 hivi, kupeleka umeme kwenye shaba ya Katanga. Inapita juu ya vijiji vingi visivyo na taa. Watu wanasema ni roho mbaya tu. Siasa ipo, sikatai, waliochagua migodi kwanza ni watu. Lakini fundi lazima aone na sababu ya pili. Kumbukeni waya yangu nyembamba: hasara inafuata mkondo mara mkondo. Ukipandisha volti mara mbili kwa nguvu ile ile, mkondo unabaki nusu, na hasara inashuka mara nne. Ndiyo maana umeme wa mbali unasafirishwa kwa volti kubwa sana, na laini ile ya Kolwezi ni ya mkondo mnyoofu, wa volti laki tano. Umeme wa namna hiyo huwezi kuuteremshia kijijini kwa transfoma ya kwenye nguzo. Unahitaji kituo kizima cha kuugeuza, cha bei kubwa. Asiyejua sheria atapiga kelele chini ya waya. Anayeijua atauliza swali la maana: kwa nini mpango wa vijiji haukuwekwa kando ya mpango wa migodi tangu mwanzo, kwa mito midogo iliyo karibu nao?

Swali hilo leo lina mlango. Sheria ya tarehe 17 mwezi wa sita 2014 iliondoa umeme kwenye mkono wa SNEL peke yake, ikaruhusu wengine kuzalisha na kuuza. Mito yetu inayoteremka kutoka Bibokoboko kwenda ziwani inapiga mawe usiku na mchana. Siku amani itakapokuwa kamili, mtu atakuja kupima mito ile. Nataka mpimaji akija akute watu wa hapa wanaojua anachopima.

6. Kaye ya atelie

Baada ya ile asubuhi mimi na patron tulifanya mapatano. Yeye ananifundisha mkono, mimi naandika. Tumenunua kaye moja ya kurasa mia. Ukurasa wa kwanza una jedwali: taa ngapi, mita ngapi, waya gani. Maneno tunatafuta pamoja. Volti yeye anaita msukumo. Mkondo anauita mwendo. Ukinzani, siku nilipomweleza, aliwaza kidogo akasema: "Ah, ubishi wa waya." Tumeliandika hivyo. Waya mrefu una ubishi, waya mwembamba una ubishi, kiungo kibaya kina ubishi mwingi kuliko wote.

Naye ameanza kuhesabu. Juzi nilimkuta na kalamu, anagawanya wati kwa volti kabla ya kukata waya. Akaniona, akaficha kaye kama mtoto aliyekutwa na sukari. Nilijifanya sikuona.

Yule mvuvi alirudi siku za giza zilizofuata. Nilimfungia upya kwa waya nene, viungo vimekazwa kwa skrubu, na fuzi karibu na batri. Bure, bila kuulizwa. Baada ya kuwasha nilingoja, kisha nikagusa waya. Ilikuwa baridi. Yeye pia akagusa, akaniangalia, akasema tu, "Sawa, tutaona usiku." Asubuhi alipita mbele ya atelie na beseni la ndagala kichwani kwa mke wake. Hakusimama. Alinyanyua mkono.

Ndugu zangu wenye diplome zilizolala ndani ya mfuko wa plastiki, siwaambii wote muwe mafundi wa umeme. Nasema hivi: karibu nanyi kuna mtu anayejua kitu kwa mkono, na ninyi mnajua kitu kwa kitabu. Cavendish aliyafunga karatasini kwake, dunia ikangoja. Ohm alikosea, akarekebisha, akaandika, hata walipomcheka. Mwenye hesabu ya kunirekebisha hapo juu, aniandikie. Na mwenye neno zuri la Kiswahili kwa fuzi, alete pia, ukurasa wa pili bado una nafasi.